Maneno Yasiyo na Msingi

Asubuhi hii mafundi wanachimba msingi wa nyumba yangu hapa Turwa, na harufu ya udongo mbichi imenirudisha kijijini tulikohamishiwa enzi za ujamaa. Ndama wa jirani walikufa, na jirani akasema bibi yangu amewaroga. Mkutanoni mwalimu alimtetea.

"Kwa Kiingereza wanasema 'baseless'. Madai haya hayana msingi!"

Nilikimbia nyumbani kwa furaha. Bibi alikuwa anakandika ukuta, tope limemfika viwikoni.

"Bibi, mwalimu amesema maneno yao hayana msingi!"

Hakugeuka. "Na nyumba yetu hii ina msingi?"

"Haina. Ni miti na udongo tu."

"Mbona imesimama?"

Kisimani wanawake waliendelea kumpisha bila salamu. Kabla hatujavuna wimbi, alirudi peke yake kwenye mahame yetu, kule tulikohamishwa, na huko ndiko tulikomzika.

Nyumba ile ya miti na udongo ilianguka zamani. Leo fundi mmoja, aliyezaliwa bibi ameshakufa, ameegemea sururu yake na kuniuliza kwa heshima zote:

"Shikamoo mama. Eti ni kweli wewe ni mjukuu wa yule mchawi?"