Mama, Babu na Mtumbwi wa Kukodi

Ko. Ko-ko. Ko. Halafu kimya kidogo, mama akiligeuza jiwe ndani ya duara la mpira wa tairi ili vipande visiruke, kisha tena: ko, ko-ko, ko. Nyundo ile ndiyo iliyoniamsha asubuhi zote za utoto wangu pale Genkuru, maana jogoo wetu alikuwa mvivu na mama hakuwa mvivu. Hata sasa, fundi akigonga bati mahali fulani mjini, mimi husimama barabarani kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Wanaume waliwaachia watoto ng'ombe wakashuka mashimoni. Wanawake waliiacha mihogo ishindane na magugu, wao wakakaa chini ya maturubai kuponda mawe. Baba yangu, Marwa, alikuwa mmoja wa walioshuka. Mawe waliyotoa waligawana, na fungu letu lilifika nyumbani ndani ya kiroba, likamwagwa mbele ya mama. Aliliponda mpaka likalainika kama unga wa mtama, ndipo likapelekwa kuoshwa. Mara nyingi lilirudi tope tu. Siku nyingine lilirudi na kipunje kidogo hivi, cha kukitazama huku umezuia pumzi kisipeperuke.

Sote tulichoka, wasomaji wangu, lakini uchovu wetu ulikuwa na vumbi jeupe juu yake, na mimi mtoto niliona ni jambo la kuchekesha. Baba akirudi na kope nyeupe, mama kope nyeupe, mbwa naye kope nyeupe. Mgeni angeingia asingejua mzee ni nani.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya kilima, nilimshikia mama beseni la maji ya chumvi ya uvuguvugu. Alitumbukiza viganja vilivyopasuka, akakunja uso, kisha akafumba macho.

"Boke," akasema, "natamani siku moja nione maji mengi ambayo sikuyabeba mimi kichwani."

Nadhani yeye alisema tu, kama mtu anavyopiga mwayo. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuota ndoto mchana. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba mto Mara, ule ule tuliousikia ukitajwa kila mvua zilipozidi, hauishii porini. Unakwenda mpaka Kirumi, kwenye daraja kubwa, na mbele kidogo unaingia ziwani. Na pale darajani, alisema, kuna wavuvi wanaokodisha mitumbwi. Basi maneno ya mama yaliniingia kama amri. Nikamfuata baba nyuma ya nyumba alikokuwa akinawa miguu.

"Tata, tumpeleke mama kwenye mtumbwi."

Baba aliniangalia kwa muda mrefu. Alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa hata kukataa. "Tukipata jiwe lenye macho," akasema, "tutakwenda."

Wachimbaji waliliita jiwe hivyo likionyesha dhahabu bila kupondwa. Nikaanza kuyaombea mawe yafumbue macho.

Na kweli, baada ya mavuno ya mahindi, moja likafumbua. Halikuwa la kujenga nyumba, lakini lilitosha watu kutabasamu na kutosha mtumbwi. Ndipo mipango ikaanza, na sijawahi kuona safari iliyopangwa kwa bidii kubwa na watu wajinga wa safari hiyo kama sisi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga mtumbwi. Sisi ni watu wa vilima na ng'ombe. Mto kwetu ni kitu cha kuvuka, ukishika mkia wa ng'ombe ikibidi.

Nilipanga magunzi ya mahindi uani kuonyesha nani atakaa wapi. Gunzi la mama nililiweka katikati, mahali ambapo angeweza kutia mikono majini pande zote mbili. Baba alikuja akachuchumaa, akalisogeza gunzi lake nyuma.

"Mimi nitakaa nyuma kushika mizigo," akasema.

"Mizigo gani, tata?"

"Safari haikosi mizigo."

Mama aliacha kuponda akaja kutazama. Alicheka mpaka akajishika ubavu. "Na dereva mmemweka wapi?"

Hapo ndipo babu alipotokea. Babu, mzaa baba, alikuwa mjane na alilala kwenye nyumba yake karibu na zizi. Alipokaribia, mama aliinamisha kichwa, akaondoka kimya kimya kurudi chini ya turubai lake. Hiyo haikuwa chuki. Kwetu mkwe humheshimu baba wa mume wake kwa kumwachia nafasi. Mama hakuwahi kuingia nyumba ya babu, hakuketi naye kikao kimoja, wala hakumtazama usoni. Walipokutana njiani, mama alipita majanini. Chakula cha babu alikipika yeye, lakini nilikipeleka mimi. Maneno yao pia niliyabeba mimi: "Mwambie babu yako uji uko tayari." "Mwambie mama yako nimeshukuru." Waliishi hivyo miaka mingi kwa upendo mkubwa, na ua ule ulikuwa mpana, njia zilikuwa nyingi. Sikuona ajabu yoyote.

Babu aliyatazama magunzi yangu akiegemea fimbo.

"Mto huo nimevusha ng'ombe tangu nikiwa kijana," akasema. "Umenipokonya fahali mzuri sana. Sijui hata ulimpeleka wapi. Na mimi nakwenda."

Nani angemkatalia? Nikachukua gunzi kubwa kuliko yote nikaliweka mbele kabisa. "Babu atakaa mbele na dereva," nikasema, na kila mtu akaona ni sawa. Ndivyo tulivyojua sisi. Wazee hukaa mbele, wanawake na watoto nyuma.

Siku ya safari, lori la jirani lililokuwa likipeleka ndizi Musoma lilitubeba. Babu aliingia mbele kwa dereva, amevaa koti la sufu ingawa jua lilikuwa linachoma. Mama, baba na mimi tulikaa juu ya ndizi. Mpango wetu ulifanya kazi vizuri sana, jambo ambalo lilitudanganya. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na alijipaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Njia nzima alisinzia, kichwa kikigongana na bega la baba, na kila akishtuka alisema, "Sijalala." Dereva alitushusha darajani Kirumi, akatuambia atatupitia jioni akirudi.

Mwenye mtumbwi alikuwa Mjaluo mrefu aliyeitwa Odhiambo, kifua wazi, sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Nilimwamkia shikamoo, akanicheka.

"Marahaba, nyathi, mtoto wangu. Ninyi wa milimani mmepotea? Mkurya akiona maji anatafuta kwato, aone ng'ombe walivukia wapi!"

"Na Mjaluo akiona ng'ombe anatafuta makasia," baba akamjibu, na wote wawili wakacheka kama ndugu.

Kisha tukauona mtumbwi wenyewe.

Ulikuwa mwembamba. Ulikuwa na vibao viwili vya kukalia, na chini maji kidogo yenye magamba ya samaki. Haukuwa na mbele wala nyuma ya maana. Aliyekaa kibao kimoja angegusana magoti na aliyekaa kibao cha pili, na wote wangetazamana usoni mwendo mzima. Nilimwona baba akiupima mtumbwi kwa macho, kisha akimpima babu, kisha mama, halafu akatazama miguu yake.

"Pandeni basi," Odhiambo akasema. "Mzee hapa, mama hapa. Mnangoja nini?"

Baba akamnong'oneza. Odhiambo akapiga makofi kwa kicheko. "Ah! Maji hayana wakwe, mzee wangu! Kaeni tu!"

"Maji hayana," babu akasema taratibu. "Mimi ninaye. Na amenitunza."

Mama alikuwa amesimama hatua chache tu, amegeukia upande wa mafunjo. Babu akaniita, ingawa mama alisikia kila neno.

"Boke, mwambie mama yako apande yeye. Mimi nitabaki hapa na fimbo yangu."

Nikamgeukia mama. Hakungoja nirudie. "Mwambie babu yako mto ni wake. Ndiye mwenye kesi ya fahali."

"Mwambie mama yako fahali alishakufa. Safari hii ilipangwa kwa ajili yake."

"Mwambie babu yako akibaki, nami sipandi."

Nilikuwa nageuza shingo huku na huku kama kuku, machozi yananilenga. Safari ilikuwa ya mama. Niliipanga mimi, kwa magunzi yangu, na sasa ilikuwa inavunjika kwa heshima, si kwa ubaya wa mtu yeyote. Nilitamani wagombane kidogo ili angalau nijue wa kumnunia. Odhiambo ndiye aliyetuokoa. Alisema atawapeleka wanaume kwanza, na mtoto. Wakirudi, atampeleka mama peke yake na binti yake. "Lakini jua lisishuke sana," akasema. "Upepo wa ziwa ukianza sipeleki mtu. Leo zamu ni mbili tu."

Mama akanisukuma kidogo mgongoni. "Nenda. Utaniambia kulivyo, nisishtuke."

Basi tukaenda. Odhiambo alipiga kasia, mafunjo yakasimama pande zote kama watu waliokuja msibani, yanainamiana, yananong'ona. Maji yalinuka matope na samaki. Ndege weusi walianika mabawa juu ya vijiti kama nguo zilizofuliwa. Baba, ambaye sikuwahi kumwona amekaa bila kushika kitu, alishika kingo kwa mikono yote miwili, na baada ya muda akaiachia, mkono mmoja kisha wa pili. Akatazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

Halafu mafunjo yakaisha na ziwa likafunguka mbele yetu.

Babu alitafuta ng'ambo. Alikinga macho kwa kiganja, akatazama kulia, akatazama mbele.

"Wanavukia wapi?"

"Hapa hawavuki, mzee," Odhiambo akasema. "Hapa wanakaa tu."

Babu akavua kofia. Mzee yule, ambaye kijiji kizima kilimwamkia yeye, alikuwa hana aliyebaki wa kumwamkia. Aliinama kidogo mbele ya maji yale akasema polepole, "Shikamoo." Hakuna aliyecheka, hata Odhiambo. Na mimi, niliyekuwa nimejaa hasira za kitoto kwa sababu amechukua kibao cha mama, hasira ziliniishia pale pale.

Tuliporudi jua lilikuwa limeinama. Odhiambo hakufunga mtumbwi. Alibaki amesimama ndani ya maji, ameushika. Alinyoosha kidole ziwani, mahali maji yalipoanza kukunjamana.

"Haraka sasa. Upepo ule unakuja. Sasa hivi au basi."

"Boke, kamwite mama yako," baba akasema. "Kimbia."

Nikakimbia.

Mama alikuwa amelala nyuma ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa mchangani. Alikuwa ametandika kitenge chake cha kanisani, amelala chali, mdomo wazi kidogo, miguu imeachana. Sikuwahi kumwona amelala mchana. Kusema kweli, sikuwahi kumwona amelala hata kidogo, maana nililala kabla yake na kuamka baada yake. Nzi alitembea shavuni mwake na yeye hakujua. Kivuli cha mtumbwi kilikuwa kimemkimbia, na jua lilikuwa limeanza kumpanda usoni. Kope zake zilikuwa zinatetema.

Nimekuwa mtu mzima sasa, ninazo siku zangu za kurudi nyumbani nikiwa sina hata nguvu ya kuvua viatu, na ndiyo maana naijua ile sura. Wakati ule sikuijua. Mimi na baba tulikuwa tumempangia ziwa zima mtu aliyekuwa akihitaji mahali pa kulala, ambapo hakuna anayemwita. Labda na mama hakujua, mpaka alipoachwa peke yake mchangani. Au labda alilitaka lile ziwa kweli kweli, na kwa mimi kutomwamsha lilimpita. Sijawahi kumuuliza. Yeye husema tu kwamba Kirumi ni pazuri, na mchanga wake ni laini.

"Boke!" baba akaita kutoka majini. "Ameamka?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimeishika ndoto ile tangu siku ya beseni, na ilikuwa pale, hatua chache, inaelea, imeshikwa na mtu mwenye haraka. Nikafunga kinywa. Nikazunguka upande wa jua, nikasimama wima, nikatanua gauni langu kwa mikono miwili mpaka kivuli changu kikamfunika uso. Kope zake zikatulia. Upepo ulifika, ukanipiga mgongoni. Nilimsikia Odhiambo akiuburuta mtumbwi kuutoa majini, na baba akiniita tena, safari hii taratibu. Sikuitika. Jua lilisogea kidogo, na mimi nikasogea kidogo.