Sarafu ya Sukari

Juzi nilipita Nunguni nikakuta kile kibanda cha simu kimegeuzwa duka la mayai. Nilisimama kidogo, nikasikia tena harufu ya chuma kilichoshikwa na mikono mingi.

Nilipokuwa mtoto, ndani yake kulikuwa na karatasi ya serikali ya bei za simu. Kupiga Machakos kulikuwa rahisi, Mombasa ghali. Mimi niliamini serikali inalipisha maneno, kama vile maharagwe yanavyouzwa kwa kikombe. Kwa hivyo Mama alipomwambia Baba, aliyekuwa kazini Mombasa, "Mama yako ametuacha asubuhi," kisha wote wawili wakanyamaza, nilidhani wanabana pesa.

Lakini sarafu ziliendelea kudondoka ndani ya simu, tup, tup.

"Mama, si ukate," nilimnong'oneza. "Na hamuongei."

Leo najua kilicholipiwa ni muda, si maneno. Mama alijua tangu mwanzo. Alifungua fundo la leso, akatoa sarafu aliyoiweka ya kununulia sukari, akaitumbukiza, akaendelea kumsikiliza Baba akilia.