Kengele Moja ya Jumatano

Siku niliyoripoti kazini Sumbawanga nilivaa sweta mbili na bado meno yaligongana. Mimi ni mwanamke wa Tukuyu, baridi naijua, lakini ile ya Ufipa ina upepo ndani yake, nao haupumziki. Mama alilia nilipopangiwa huko. Alikuwa ameambiwa Wafipa wanatuma radi. Niwaambie ninyi vijana mnaosoma: nimekaa Ufipa mpaka nimestaafu, na radi zote nilizoziona zilikuja na mvua yake, kihalali kabisa.

Nilidhani nitapewa darasa la pili au la tatu, nichukue chaki nianze. Ofisa Elimu wa Wilaya hakuwa na mawazo hayo. Alikuwa mtu mrefu, suti yake ya Kaunda imenyooshwa kwa pasi mpaka imekakamaa. Hakunikaribisha kiti.

"Unasali wapi, Mwalimu?"

"Moravian, Ndugu Ofisa."

"Vizuri sana. Wakatoliki watakuona mgeni, Waislamu watakuona mgeni, na Wamoravian wenzako watakuona mtoto. Wote watakulalamikia sawasawa. Utafundisha, lakini pia utakuwa katibu wa Kamati ya Vipindi vya Dini."

Nikatoka pale nimenuna. Kamati! Nilisomea ualimu ili nikakae mezani na wazee wanaogombania Mungu? Ndivyo nilivyowaza, maana mimi hasira zangu ziko karibu, sijui kuzificha hata leo.

Niwaeleze kazi yenyewe. Miaka ile ya Ujamaa shule za misheni zilikuwa zimeshachukuliwa na Serikali, zikawa shule za wananchi wote. Lakini kwenye ratiba, yaani mpangilio wa masomo ya wiki, Serikali iliacha kipindi kimoja cha dini. Kikifika, watoto hugawanyika kila mmoja na dini yake, na kila dini hujiletea mwalimu wake. Mwalimu wa Serikali haruhusiwi kuhubiri darasani. Kazi ya kamati ilikuwa kuwatafuta hao walimu wa dini, kupatana siku, na kuhakikisha kila kundi lina mahali pa kukaa.

Mezani tulikuwa wanne. Alikuwapo Katekista, mwalimu wa dini wa Kikatoliki, Mfipa mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwapo Mwinjilisti wa Moravian, mtu wa Mbeya kama mimi, aliyekuwa pia mtunza duka la ushirika. Na alikuwapo Maalim, aliyezaliwa mwambao wa Ziwa Tanganyika, akahamia Matai kuuza samaki wa ziwani, migebuka ya kukausha, na kufundisha madrasa. Siku ya kwanza tuligombania siku ya kipindi tu. Ijumaa Maalim hawezi. Jumatatu Katekista yuko parokiani. Jumanne Mwinjilisti anapokea mzigo wa duka. Tukaangukia Jumatano kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuikataa.

Shule iliyotutoa jasho ilikuwa kwenye kijiji kipya cha Ujamaa, njia ya kwenda Matai. Nitakiita Tushirikiane. Watu waliletwa pale kutoka vitongoji mbalimbali. Wengi walikuwa Wafipa Wakatoliki, wakaja na familia chache za Kiislamu zilizopanda kutoka ziwani, na wenzetu wa Mbeya kidogo. Nyumba zilikuwa bado mbichi, matope ya kuta hayajakauka, lakini shule ilikuwa na kengele tayari: rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkaratusi.

Jumatano yangu ya kwanza pale nilimkuta Katekista darasani, watoto wamejaa mpaka dirishani. Mwinjilisti naye alikuwa na kikundi chake stoo. Nje, ukutani, watoto wa Kiislamu walikuwa wamekaa wakichuma majani na kuyatupa. Maalim hajafika. Katoto kamoja kanakoitwa Mwajuma kalikuwa kanafuta macho kwa upindo wa gauni.

"Nani amekupiga?" nikamuuliza.

"Hakuna, Mwalimu. Wananiuliza kama kwetu hatuna Mungu."

Jamani! Nililia mbele ya wanafunzi, na wala sikuona haya. Mtoto wa miaka michache anaulizwa hivyo na wenzake kwa sababu tu baiskeli ya mwalimu wake imechelewa.

Nikamweleza Ofisa Elimu, nikitegemea anisaidie. Kumbe nimechokoza nyuki. Siku zile Elimu ya Kujitegemea ilikuwa ndiyo wimbo, kila shule na shamba lake, na shamba la maharage la Tushirikiane lilikuwa limemezwa na magugu.

"Kipindi kinachowaacha watoto nje si kipindi, ni mchezo," alisema. "Kabla muhula haujafungwa nitakwenda mwenyewe, na sikwambii Jumatano gani. Nikikuta mtoto mmoja amekaa nje peke yake, nakifuta kipindi hicho Tushirikiane na katika shule zote za vijiji vipya. Watoto watashika jembe."

"Na wazazi tuwaambie nini, Ndugu Ofisa?"

"Waambie wafundishe dini nyumbani. Nyumba wanazo."

Nilirudi kwenye kamati moto mtupu. Nikawaambia wazee wangu, shikamooni, nawaheshimu, lakini kuanzia sasa kuna kengele moja. Kengele ya dini haigongwi mpaka walimu wote wa dini wawe wamefika. Akikosekana mmoja, wote tunangoja uwanjani, wengi kwa wachache.

Katekista aliruka. "Hiyo ni adhabu yangu mimi! Ninakaa Tushirikiane penyewe, nawahi kila wiki. Darasa zima likae bure kumsubiri mtu wa Matai mwenye baiskeli isiyo na breki?"

"Breki ninayo, Katekista," Maalim akajibu taratibu. "Natumia kandambili."

Mwinjilisti alicheka mpaka akakohoa, na kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Akaniunga mkono. Katekista akakubali kwa shingo upande, akaondoka bila kuaga.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Maalim alijitahidi, lakini barabara ile mnaijua, na siku nyingine tulipata nusu ya kipindi tu. Wazazi wa Kikatoliki walinung'unika. Mwalimu Mkuu, ambaye moyo wake wote ulikuwa kwenye maharage, alinitazama kama mtu aliyemwibia vibarua. Katekista alikuwa akisimama chini ya rimu na kanuni yake kwapani, yaani kitabu cha mafundisho, ananitazama mimi, anatazama barabara, ananitazama mimi tena.

Kilichombadilisha hakikuwa maneno yangu. Ilikuwa shule ya ziwani, kule chini ya mteremko wa Kasanga. Huko kipindi kilikuwa Alhamisi, na mambo yalikuwa kinyume: Waislamu ndio wengi, Wakatoliki wa kuhesabia vidole. Katekista wa huko aliugua, na wetu akaombwa ashuke akawaandae watoto wachache wa komunyo ya kwanza. Lori alilopanda likakatika springi mteremkoni. Akashuka kwa miguu, juani, akijua watoto wake wameshatawanyika. Alipofika alikuta uwanja umejaa. Shule nzima imekaa mchangani, na Maalim, ambaye alikuwa akifundisha huko pia, amesimama penye kengele na chuma mkononi.

"Karibu, Katekista," Maalim akamwambia. "Watoto wako hawa hapa, wakae mbele. Hatujaanza."

Haya alinisimulia Maalim, maana Katekista mwenyewe hakusema kitu. Kikao kilichofuata, tulipofika mwisho, ndipo akauliza, "Nani alisema kanuni ile ya kengele ni mbaya?"

"Wewe, mzee wangu," nikajibu.

"Basi siku ile nilikuwa na njaa." Akavaa kofia yake, akaenda. Sikumsikia akilalamika tena.

Ikaja ile Jumatano. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na daraja la magogo upande wa Matai lilikuwa limekwenda na maji. Walimu wawili walikuwapo, Maalim hayupo. Katekista akaangalia mto ulivyovimba, akampa Mwinjilisti kanuni yake amshikie. "Yule atakuwa ng'ambo anahangaika na vitabu," alisema. "Mtu wa ziwani anaogelea kama samaki, lakini kivuko chetu cha mawe hakijui." Akapanda baiskeli, akapotea kwenye ukungu.

Hazikupita dakika nyingi, Landrova ya wilaya ikaingia uwanjani. Ofisa Elimu akashuka, akatazama watoto wote waliojibanza chini ya baraza na mikaratusi, hakuna darasa lenye mtu.

"Mwalimu! Nilikuambia nikikuta mtoto mmoja nje peke yake. Sasa nimekuta shule nzima!"

"Ndiyo, Ndugu Ofisa," nikasema. "Wako nje wote. Hakuna aliye peke yake."

Akanitazama. Nikamweleza kanuni ya kengele moja, na kwamba Katekista amekwenda kumvusha Maalim. Hakuamini.

"Katekista? Amemfuata Maalim kwenye mafuriko?"

"Ndiyo."

"Nitakunywa chai ya Mwalimu Mkuu. Chai ikiisha hawajafika, nakata kipindi na naondoka."

Hapo ndipo nilipoujua moyo wa Mwalimu Mkuu, yule niliyedhani anapenda maharage tu. Alileta birika la chai ya maziwa inayochemka, akajaza kikombe mpaka ukingoni. Ofisa akinywa kidogo, anaongeza. Akaleta viazi. Akaleta maziwa ya mgando. Akauliza habari za watoto wa Ofisa, mmoja mmoja. Baadaye nilimuuliza kwa nini alitusaidia. Akasema tangu tuanze kungojana, ule ugomvi wa watoto uwanjani umekwisha, na darasa lisilogombana hata shambani linapalilia vizuri. Mwajuma hakuulizwa tena lile swali.

Birika liliisha. Ofisa akafuta midomo, akasimama, akachukua kofia. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika fremu kwa mikono miwili. Basi watoto wakapiga kelele.

Walikuwa wanakuja kwa miguu, wote wawili, wanasukuma baiskeli zao. Maalim amefunga kanzu kiunoni, matope mpaka magotini. Katekista amelowa mpaka kifuani, na kichwani amebeba mfuko wa mbolea uliofungwa kwa kamba. Alifika barazani, akaufungua mbele ya Ofisa. Ndani yalikuwamo majuzuu, vile vitabu vidogo vya kuanzia kusoma Kurani. Hakuna ukurasa uliolowa.

"Samahani kwa kuchelewa, Ndugu Ofisa," alisema Katekista, huku maji yanamchuruzika. "Sasa tumetimia."

Ofisa Elimu akaivaa kofia yake. Alitoka nje, akaenda chini ya mkaratusi, akachukua chuma cha kugongea, na akiwa na suti yake ya Kaunda kwenye mvua akaigonga rimu mwenyewe. Aligonga kwa nguvu! Watoto walikimbia kwenye makundi yao wakishangilia kama timu imefunga goli. Katekista aliingia darasani akiwa amelowa vile vile na kuanza Ishara ya Msalaba kwa meno yanayogongana, na upande wa pili wa ukuta Maalim akaanza alif, be, te. Mimi nilibaki barazani nacheka na kulia. Tulikuwa tumeshinda, bwana.

Kipindi hakikufutwa. Kabla ya muhula mpya Ofisa aliagiza shule zote za vijiji vipya zifuate kengele moja, na mimi nikatumwa kuieleza kila mahali, mpaka Milepa bondeni, kwenye joto lililonifanya nizikumbuke sweta zangu kwa huruma. Nilitumikia maofisa elimu wengine baada ya yule, wakali na wapole, na nilikuja kuwa mwalimu mkuu na Mratibu wa Elimu wa Kata. Lakini mtu akiniuliza nilifanya nini maishani, namwambia niliwafundisha watu kungojana. Si kazi ndogo. Jaribuni muone.

Sasa nimestaafu, nakaa Katandala, hapa Sumbawanga mjini. Mwajuma ana duka la vitambaa si mbali na kwangu, na akiniamkia ananiita Mwalimu wa Kengele. Vijana wa bodaboda nao wamelishika jina hilo, wanalitumia bila kujua lilikotoka.

Katekista alifariki akiwa mzee sana. Siku ya mazishi kanisa lilijaa mpaka nje, padri kijana amevaa tayari, saa ya misa imefika. Nikaona mtoto mkubwa wa marehemu anakwenda kumnong'oneza. Padri akatazama huku na huku, akaja mpaka kwenye benchi langu.

"Bibi, shikamoo. Wanasema nisianze. Maalim gari limemharibikia njia ya Matai. Eti kuna kanuni?"

"Marahaba, Baba. Ipo."

"Inasemaje?"

"Kengele haigongwi mpaka wote wafike."

Padri akaenda kukaa. Tukangoja, kanisa zima, na hakuna aliyenung'unika, maana nusu ya waliokuwamo walilelewa kwenye uwanja ule. Maalim aliingia akishikwa mkono na mjukuu, kanzu ina vumbi, akasimama karibu na jeneza.

"Nimefika, Katekista," alisema.

Nikampungia mkono mgonga kengele, naye akaivuta kamba.