Mashine Isiyoharibika

Mume wangu alichagua mashine ya kusagia kwa kuigonga kwa vidole, kama mtu anayechagua jembe. Ilikuwa miaka ya sabini, tumekwisha kuhamishiwa kijiji kipya upande wa Majimoto. Tulipanda lori hadi dukani Majengo, Mpanda, kwa sababu mgongo wangu ulikuwa umechoka kusaga kimea cha ulezi kwenye jiwe. Pombe nilipika mimi, na jina langu lilikuwa humo ndani ya mtungi.

Dukani palikuwa na mashine mbili za mkono. Mimi niliitaka ile ndogo, maana skrubu yake ililegea vizuri na kimea kingetoka chengachenga kinavyotakiwa. Yeye aliitaka ile nzito.

"Hii haiharibiki, mama watoto. Utawaachia wajukuu."

"Kwani wajukuu ndio wanaopika pombe?"

Muuza duka alicheka, kisha akatufungia ile nzito.

Na kweli haikuharibika. Ila haikukaa nyumbani. Kijijini nyumba zilipangwa mstari, mlio wake ukafika hadi nyumba ya mwisho, na kila aliyeusikia akaja kuazima. Mume wangu alipenda sana kuombwa. "Chukueni tu," aliwaambia, "nyie mna nguvu za kuivunja hiyo?" Ikabebwa kwa baiskeli, ikabebwa kichwani, ikasaga mahindi ya watu nisiowajua. Mimi nikabaki mwenye mashine kwa jina.

Ikakaribia siku ya kuwapokea wakwe wa binti yetu mkubwa. Pombe ya siku hiyo ndiyo ingewaambia mtoto ametoka kwa mama gani. Kimea kilipokauka niliifuata mashine kwa jirani, nikaelekezwa kwa dada yake jirani, huko nikaambiwa imeshavuka kwenda kijiji cha pili. Nilirudi nimefura kwa hasira, nikapiga magoti kwenye jiwe langu nikasaga kimea chote kwa mkono. Viganja vilitoka malengelenge.

Wakwe walikuja, wakanywa, wakaomba kuongezwa. Mshenga wao akafuta mdomo.

"Mzee, kimea cha pombe hii mmesaga kwa mashine gani?"

Mume wangu, ambaye hakujishughulisha hata kuuliza nilisagia nini, alijinyoosha. "Niliichagua mwenyewe, Mpanda mjini. Haiharibiki."

Wote wakampongeza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mtungi, na hakuna aliyenipongeza hata kwa bahati mbaya. Iliniuma sana.

"Basi na sisi tunaomba kuiazima," alisema mshenga.

"Mama watoto," mume wangu aliita kwa ukarimu wake ule ule, "waletee mashine."

Nilikwenda jikoni. Nikarudi na lile jiwe la juu, la kushika mikononi, likiwa bado na vumbi jekundu la kimea, nikaliweka kwenye mkeka miguuni pa mume wangu.

"Hii hapa," nikasema. "Haiharibiki."