Mawe Kando ya Wodi

Jumapili ya pili ya mwezi wa nne. Mvua tangu alfajiri, mlima hauonekani.

Mwanangu, leo nimeikumbuka siku niliyomwona baba mkwe akijaza mawe, nami nikanyamaza. Sijui kama naandika vizuri, ila nisipoandika nitabaki najionea haya peke yangu.

Nilikuwa nimeolewa punde hapa Kawetele. Walikuja mafundi kujenga wodi ya wazazi, nami nikiwapikia. Kwa kuwa kwetu ardhi hutikisika, jengo walilikalisha juu ya mipira minene, wakaacha mfereji mtupu kulizunguka. Mhandisi alinionyesha palepale jikoni: aliweka sinia la vikombe juu ya vipande vya ndala, akaisukuma meza. Sinia likacheza, chai haikumwagika.

"Dada, mfereji huu usijazwe kitu. Jengo litakosa pa kuchezea, litajigonga."

Mafundi walipoondoka, baba mkwe akakabidhiwa ulinzi. Nimtendee haki: mtoto alikuwa ametumbukia mle akavunjika mkono, na hakuna aliyemweleza mzee kazi ya mfereji. Akaanza kuujaza mawe. Nilimwona nikiwa nimejificha migombani na kuni zangu, maana kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wala hasemi naye. Nikajiambia, mila imenifunga. Lakini mama mkwe nilikuwa namenya naye ndizi kila siku! Ukweli ni kwamba niliogopa kuambiwa najifanya mhandisi.

Ardhi ilipotikisika hakufa mtu, nashukuru. Ila wodi ilijigonga kwenye mawe, kona ikapasuka, ikafungwa. Wajawazito wakarudia kwenda hospitali ya Tukuyu kwa miguu, wengine wakajifungulia njiani.

Nikamweleza mama mkwe, nikilia. Akaweka kisu chini.

"Heshima ilikukataza kumtazama mzee. Na mimi je, ilikukataza?"

Baba mkwe alikuwa nyuma ya ukuta, akasikia. Akapaza sauti kwa mkewe: "Mwambie huyo mama, mimi ni mkwe wake, si chatu! Angemtuma hata kuku, ningeacha." Kisha sauti ikashuka. "Mawe niliyaweka mimi. Na hilo mwambie."

Kunibebea sehemu ya kosa kuliniuma kuliko kufokewa.

Basi mwanangu, ukijua jambo linalolinda watu, liseme. Mila ikikuzuia kwa huyu, mwambie yule, wakikucheka, wacheke. Heshima ishike, ila usijifiche nyuma yake kama mimi. Kyala, Mungu wetu, akupe ujasiri wa kusema na watu wa kukusikiliza, na wajukuu zangu wazaliwe ndani, pakavu.

Jioni tumekula ndizi na maharage. Wenzangu waliongeza, mimi sikumaliza sahani yangu.