Udongo wa Ukuta wa Jikoni

Mimba yangu ya kwanza, mwaka 2016, ilinitia uchu wa udongo. Usiniulize kwa nini. Mwanamke aliyewahi kubeba anajua. Nilikuwa nauza vitenge kando ya barabara kule Marshalltown, kusini mwa Afrika, na kwa wauza dawa za miti shamba karibu na Newtown kulikuwa na madonge ya udongo ya kila rangi. Niliyaonja yote. Mengine yananuka moshi, mengine chumvi tupu. Nikapiga simu nyumbani Tanga nikadeka: mama, mie nataka ule wa ukuta wa jikoni kwetu.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Ukuta ule waliula wote, yeye na shangazi zangu, kila mmoja na mimba zake. Mvuke wa chungu ukiupiga unanukia mpaka mate yanakujaa. Akaubandua kwa kisu, akaufunga kwenye kipande cha kanga, akampa mfanyabiashara mmoja wa kwetu aje nao kwa basi. Nilipoufungua nililia. Nikala asubuhi, nikala kazini, nikala kitandani, mpaka mume wangu akanitania kwamba nitaimaliza nyumba ya wakwe zake.

Mwanangu alizaliwa mimba ikiwa ya miezi sita na nusu. Wa kiume. Aliishi siku mbili.

Nesi aliyenihudumia, mama mtu mzima wa Limpopo, aliniuliza nilikuwa nakula nini. Nikamtajia udongo wangu kwa fahari kabisa, tena nikatoa kipande kilichobaki mkobani. Akauliza kama nyumba ile iliwahi kupuliziwa dawa ya mbu. Nikasema sana tu, tangu mama alipoolewa mle. Watu wa malaria walikuwa wanakuja na mabomba mgongoni, tunatoa vyombo nje, wanapuliza kuta mpaka zinabaki na unga mweupe. Mama aliwapenda watu wale, akiwapikia na chai.

Nesi alikiweka kile kipande mezani, akanawa mikono. Akanieleza kwamba dawa ile, DDT, haiishi upesi. Inakaa ukutani miaka na miaka, na ukiila inajificha kwenye mafuta ya mwili, inamfikia mtoto tumboni, inatoka hata kwenye maziwa. Kwao pia kuta hupuliziwa, na wajawazito hula udongo vilevile. Hakusema ndiyo iliyomuua mwanangu. Watoto njiti huzaliwa kwa sababu nyingi, alisema, na hakuna atakayeweza kuniapia. Eish, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sina hata wa kumlaani.

Mama nilimwambia ni kazi ya Mungu. Ningemwambia nini? Udongo ule alinitumia kwa mapenzi. Nikafunga mdomo miaka miwili.

Halafu mdogo wangu akapata mimba palepale nyumbani. Mama akanipigia, furaha imemjaa, kwamba ukuta nyuma ya meko umebaki shimo, mdogo wangu anakula si mchezo. Nilikaa chini juu ya mzigo wangu wa vitenge, wateja wananitazama. Nikamwambia yote bila kuvuta pumzi, na kwa ukali ambao mama yangu hakustahili. Amwachishe leo. Aufiche ule ukuta kwa saruji, mpaka ufa wake wa mwisho.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema fundi atakuja kesho, na mdogo wangu hatatia tena udongo kinywani.

"Wale wangu wawili waliokutangulia wewe," akasema, "niliambiwa ni shetani. Nao niliwabeba nikila ukuta huohuo. Mwanangu, ni mimi niliyewaua?"

Sikuwahi kuambiwa kwamba kuna wawili walionitangulia. Nikamjibu hapana, mama. Nilijibu haraka mno, na mama ananijua.