Namba Yangu Kubwa Kuliko ya Neema

Nakiri, wivu ulinitafuna. Nimefundisha hesabu hapa Kilosa miaka mingi, lakini wanafunzi walimpenda Neema, mwalimu mgeni kutoka Mikumi. Juzi aliwaonyesha kwamba 7,919 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wakampigia makofi hadi ofisini nikasikia. Nikaingia darasani kwake.

"Shikamoo, mwalimu," akanisalimu.

"Marahaba," nikajibu, nikaandika 10,001 ubaoni. "Hii nayo ni tasa, tena kubwa zaidi!"

Sikuwa nimeipima hata kidogo.

"Samahani, mwalimu," Neema akasema kwa upole, "umejaribu kugawanya kwa sabini na tatu?"

"Haiwezekani!"

Nikagawanya kwa mbwembwe. Jibu likaja 137, bila baki. Neema akanisogezea dasta.